Fuwele Iliyolia

Kazini mume wangu wanamwita Tone. Si jina alilopewa na wazazi wake, lakini limemganda kiasi kwamba hata mama mkwe, siku akiwa na furaha naye, humwita hivyo. Ni fundi wa maabara, na kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu kazi yake imekuwa kudondosha matone. Anachukua protini iliyokwisha kusafishwa, anaichanganya na maji yenye chumvi na dawa nyingine, anadondosha tone dogo kwenye kishimo cha trei ya plastiki, anaziba juu, anaiweka trei kabatini, halafu anasubiri. Anasubiri wiki, anasubiri miezi. Wanawake wenzangu wanalalamika waume zao wanashinda wakitazama mpira. Wangu anashinda akitazama maji.

Mimi ni fundi cherehani, na haya mambo nimeyaelewa kwa kumsumbua. Nilimwuliza kwa nini wasichukue hadubini kubwa wakaitazama hiyo protini moja kwa moja, wakamaliza. Akanieleza kwamba nuru tunayoonea ni pana mno kwa kitu kidogo hivyo, sawa na mtu anayetaka kupapasa tundu la sindano kwa kiganja kizima. Inatakiwa nuru nyembamba, eksirei, ile inayopiga picha mifupa hospitalini. Lakini protini moja ikipigwa na eksirei, jibu lake ni hafifu mno, halionekani. Kwa hiyo wanazibembeleza protini nyingi zisizohesabika zijipange safu kwa safu, zote zimetazama upande mmoja. Donge hilo lililojipanga ndilo fuwele. Eksirei ikipita ndani yake inatawanyika na kuacha nukta nyingi kwenye skrini, na kutokana na mahali na ukali wa nukta hizo, kompyuta inakokotoa kila kipande cha protini kimekaa wapi. Ukishalijua umbo lake, unaweza kutafuta dawa ya kuiziba.

Hapo nilimwelewa, kwa sababu ya vitambaa. Ua moja dogo kwenye kitenge huwezi kuliona kutoka ng'ambo ya barabara, lakini likirudiwa nguo nzima, hata asiyeona vizuri atakwambia limepangwaje. Nilipomwambia hivyo alifurahi, akaenda kusema kazini kwamba ni maneno yake. Ndiyo tabia yake. Mikono yake ni mizuri, sikatai, ila sifa zinampanda kichwani upesi, na akishavimba kichwa hashukiki kwa ngazi.

Pale maabara kuna binti aliyekuja kusomea shahada ya pili, mwembamba, hana maneno mengi. Mume wangu alimpa jina la Mrithi, kwa kuwa alisema siku akistaafu, sindano yake atamwachia yeye. Binti naye akamwita Mwalimu, na si kwa utani. Tone alimfundisha kila kitu, na zaidi ya yote alimfundisha kuchoma.

Kuchoma ndiko kuliko na kisa chenyewe, kwa hiyo nieleze. Ndani ya tone kuna protini na kuna chumvi. Wakati mwingine inayojipanga si protini bali ni chumvi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Tena ya chumvi mara nyingi ndiyo nzuri zaidi, ina kona kali na inameremeta. Sasa mafundi wana njia yao. Katika tone moja fuwele huwa na ndugu zake wadogo. Unamchagua mdogo mmoja, unamtoa kafara, unamgusa kwa ncha ya sindano chini ya hadubini, na unasikiliza. Fuwele ya protini imejaa maji, kwa hiyo inabonyea na kusambaratika bila kelele, kama kiini cha yai lililochemshwa. Ya chumvi ni jiwe. Inapasuka, na inapopasuka inalia. Pale kwao hakuna fuwele inayopelekwa kwenye nuru kabla ndugu yake hajachomwa na fundi hajatamka mbele ya wenzake kama ni laini au ni jiwe. Neno la fundi linatosha, hakuna anayekwenda kulirudia.

Tone alikuwa na protini yake, inatoka kwenye mate ya kupe, ile inayozuia damu ya ng'ombe isigande wakati kupe ananyonya. Ilimtesa miaka. Kila mchanganyiko aliojaribu ulitoa uchafu au haukutoa kitu. Halafu asubuhi moja akanipigia simu dukani, akasema imetoka. Akanitumia picha. Kusema kweli ilikuwa nzuri, imenyooka, kona zake utadhani zimekatwa na sonara. Niliwaonyesha wateja wote. Jirani yangu wa duka la viatu alionyeshwa mpaka akachoka. Mama mkwe aliuliza kama inaweza kuvaliwa pete.

Wakati huohuo ikaja zamu ya nuru. Mashine inayotoa eksirei kali ya kutosha haipo kwetu. Ipo nchi nyingine, kwenye jengo la mviringo kubwa kama uwanja wa mpira, na maabara za huku zinaiomba zamu kwa barua na kusubiri. Zamu waliyopata ilikuwa fupi. Profesa, mama mmoja anayependa haki na asiyependa porojo, aliwakusanya akasema muda unatosha protini moja tu. Zilizokuwa tayari ni mbili. Mrithi alikuwa na fuwele zake, za protini ya kijidudu kinachoharisha ndama. Zilikuwa nyembamba, za hovyo kuzitazama, kama maganda ya kitunguu, ila zilikwisha kuchomwa, na zilikuwa laini. Muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha, na bila nukta za ile nuru hakuwa na cha kuandika. Kila mtu pale alilijua hilo, mume wangu akiwemo.

Profesa akamgeukia Tone. Akamwuliza kama ameichoma.

"Nimeichoma," mume wangu akasema. "Ni laini."

Basi zamu ikapewa fuwele ya kupe, kwa kuwa kubwa inatoa nukta nzuri kuliko ndogo. Mrithi hakununa. Alisema ndivyo inavyotakiwa, kisha akajitolea kuivua kutoka kwenye tone yeye mwenyewe, maana macho ya Tone siku hizi yanamsaliti kwenye vitu vidogo na miwani hataki kuvaa. Akaivua kwa kitanzi chao chembamba kuliko unywele, akaigandisha kwenye naitrojeni ya majimaji, baridi kuliko barafu, wakaifunga kwenye mtungi wa chuma. Profesa na Tone wakasafiri nao. Mimi huku nilikuwa nimekwisha kutangaza mtaa mzima kwamba mume wangu ameitwa ng'ambo.

Yaliyotokea kule nimeyapata vipande vipande. Wanakaa chumba cha pembeni, fuwele iko ndani nyuma ya ukuta mnene, na wao wanatazama skrini. Mtunza mashine alikuwa kijana mstaarabu, aliwakaribisha kahawa. Akaachia nuru. Protini inapopigwa, skrini inajaa nukta ndogondogo zilizosongamana, mamia kwa mamia, kwa kuwa protini ni kubwa na ina mengi ya kusema. Kwao zilitokea nukta chache, nene, kali, zimeachana mbali kama watu waliogombana. Kila aliyekuwa mle alijua papo hapo.

"Mzee," yule kijana akasema kwa upole, "hii ni chumvi."

Tone akaomba izungushwe. Ikazungushwa, chumvi. Akaomba nuru ipige kona ya pili, chumvi. Akaomba wasogee katikati. Yule kijana akafanya kila alichoombwa bila kuguna, mpaka zamu ikaisha, na watu wa zamu iliyofuata walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni na mtungi wao.

Njia nzima ya kurudi Profesa alikuwa anawaza kwa sauti. Tone ameichoma, imekuwa laini, kwa hiyo protini ilikuwemo kwenye tone. Kilichofika kwenye nuru ni chumvi. Basi mle ndani zilikuwemo zote mbili, na aliyevua amevua isiyo yenyewe. Nani alivua? Mume wangu akatazama nje ya dirisha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliacha tu hesabu ya Profesa ijimalize yenyewe.

Akarudi nyumbani, uso umemshuka, akaniambia yule binti amevua fuwele isiyo yenyewe. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilimwonea uchungu na nikamkasirikia mtoto wa watu. Shemeji yangu, mdogo wake Tone, alikuja kutucheka kwamba kumbe safari ile yote ilikuwa ya kupeleka kiungo cha mboga, na mimi nikamjibu kwa ukali kwamba kosa si la kaka yake, ni la wanafunzi wa siku hizi wasio na macho. Jirani wa viatu naye nikamweleza hivyohivyo.

Kule kazini Mrithi alizuiwa kugusa trei za wenzake. Profesa hakumgombeza, alisema tu kwamba mkono usioaminika hauwezi kuachiwa fuwele za watu. Na zile fuwele zake nyembamba hazikungoja. Fuwele za protini hazina umri mrefu. Alipokwenda kuzitazama alikuta tone tupu, zimeyeyuka zote.

Mume wangu akaanza visa. Chakula anakigusa tu. Ukimsemesha anaitika baada ya muda. Na nikigusa kinu anaondoka. Nilidhani ni kichwa kinamuuma. Mimi hununua chumvi ya mawe, ni nafuu na haipotezi ladha, naiponda mwenyewe jikoni. Kila nikianza kuponda, yeye anakumbuka kitu nje.

Jumamosi moja mchana, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Mrithi. Nilimkaribisha kwa mdomo tu. Kiti nilimwonyesha, maji sikumpa, nikarudi jikoni na kuacha mlango wazi ili nisikie. Tone alikuwa sebuleni, hakuwa na pa kukimbilia. Yule binti alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kukuomba radhi."

Akaeleza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno njiani. Kwamba amejaribu sana kuikumbuka siku aliyovua. Kwamba yeye aliona kubwa moja tu na wadogo zake, wote wa sura moja, hakuona za aina mbili. Lakini kama mwalimu wake alichoma ikawa laini, basi aliyekosea ni yeye, hakuna namna nyingine. Kwamba anajua ile ilikuwa kazi ya miaka na ameiharibu kwa dakika moja. Hakuja kuomba aruhusiwe tena kugusa trei za wenzake, amekuja kwa ajili ya radhi tu.

Mimi kule jikoni roho ilikuwa bado nyeusi. Nilijisemea angalau anajua alichofanya. Nikamwaga chumvi kwenye kinu, nikakandamiza mchi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kach. Nikakandamiza tena. Kach.

"Acha hiyo chumvi," mume wangu akasema.

Nikamjibu kwamba jioni watu watakula. Akasema, "Acha, nakuomba." Tangu anioe hajawahi kuniomba kitu kinachohusu jiko. Nikatoka na mchi mkononi. Nikamkuta amesimama, jasho linamtoka, anamtazama binti kama vile ni yeye Tone aliyekuja kuomba radhi.

"Ililia," akasema.

Hakuna aliyemwelewa. Akaanza upya.

"Ile ndogo niliyoichoma. Ililia kama hiyo chumvi ya jikoni. Niliisikia vizuri. Nikajiambia sindano imegonga plastiki, na nilijua haikugonga plastiki. Profesa aliponiuliza nikasema laini. Na kule njiani alipokutaja wewe, nikanyamaza. Wewe ulivua kilekile nilichokupa. Hukukosea kitu."

Aibu ina joto. Mimi ilinianzia miguuni ikapanda mpaka masikioni, na wala si mimi niliyesema uongo. Nilifikiria picha niliyowaonyesha wateja, jirani wa viatu, maneno niliyomwambia shemeji, na maji ambayo sikumpa mgeni. Mume wangu hakukaa wala hakuinama, alisimama palepale mikono ikining'inia, ile mikono yake mizuri.

Nilitegemea Mrithi atalia, au atamtukana, na angemtukana nisingemzuia.

"Siku ile nilikuwa nyuma yako," akasema. "Nilikuwa natafuta trei yangu kabatini. Niliisikia."

"Uliisikia?"

"Niliisikia. Halafu ukasema laini mbele ya watu, nikajua masikio yangu ndiyo mabovu. Tangu siku hiyo nikichoma siamini ninachosikia, namwita mtu aje asikilize. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza, Mwalimu. Ningewezaje kubisha?"

Hapo ndipo mume wangu alipoketi. Nimemwona akizika wazazi wa marafiki, nimemwona akiumwa, sijawahi kumwona akiwa na uso ule. Ingekuwa amemwibia zamu peke yake, zamu nyingine huja. Alikuwa amemchukulia masikio.

Binti aliinuka. Nilimwomba abaki, niweke chai, nikayasema hayo kwa haraka kama mtu anayekimbiza basi. Akashukuru, akasema ana safari. Mlangoni akaniambia, "Asante, Mama," kwa heshima ileile aliyoingia nayo, na mimi nikabaki nimeshika mchi.

Tone alitaka kumpigia Profesa simu saa ileile. Nilimkataza. Nilimwambia laini aliitamka mbele ya watu, akaifute mbele ya watu haohao, wakimwona uso. Akanitazama kwa chuki kidogo, kwa kuwa nilisema kweli. Jumatatu akaenda. Walikuwa wamekaa kwenye kikao chao cha kila wiki, akaomba asimame kabla ya wengine, akayasema yote, mlio, plastiki, na kunyamaza kwake njiani. Anasema alimaliza mapema kuliko alivyodhani, na hilo lilimtia aibu zaidi, kwamba jambo alilolikwepa siku zote hizo lilikuwa la maneno machache tu.

Profesa alimwuliza swali moja. "Nilipomtaja binti, ulikuwa unafikiria nini?"

Akasema alikuwa anafikiria watamwonaje. Profesa akaitikia kwa kichwa, akaendelea na ajenda.

Walimtoa kwenye matone. Sasa anaosha vyombo vya kioo na kuvipika kwenye mvuke, kazi ya watu wanaoanza, na wanaoanza wenyewe wanampitia wakimwamkia. Mrithi aliruhusiwa tena kugusa trei za wenzake, na Profesa akamwombea chuoni muda zaidi. Muda alipewa, lakini wenzake aliosoma nao walivaa joho bila yeye. Hilo hakuna wa kulirudisha. Mimi nami nilivuka barabara kwenda duka la viatu, nikamweleza jirani yangu ukweli akiwa na wateja wake. Alinionea huruma, na nafuu angenicheka.

Miezi ikapita. Mrithi alianza upya na fuwele zake za kijidudu cha ndama, akabadilisha hiki na kile, mpaka zikatoka, bado nyembamba lakini safari hii pana kidogo. Zamu nyingine ya nuru ikapatikana, na ikawa yake. Siku moja kabla ya kuzivua, alikwenda mpaka kwenye sinki alipokuwa mume wangu, mikono imejaa povu.

"Njoo unichomee," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Tone alikataa. Alimwambia kuna mafundi wengine. Binti alisimama na sindano mkononi mpaka Tone akajifuta povu. Wakaenda. Watu waliacha kazi zao wakasogea, Profesa naye akatoka ofisini. Safari hii mume wangu alivaa miwani. Akauegemeza mkono mezani. Akamchagua mdogo kuliko wote, akamgusa. Yule mdogo akabonyea, akasambaratika, hapakuwa na sauti yoyote.

Akainua kichwa. Wote walikuwa wanangoja neno la fundi, kama desturi ilivyo. Neno alikuwa nalo, anasema lilikuwa tayari ulimini, na halikutoka. Akamgeukia binti.

"Laini," akasema Mrithi, na akaenda kuandaa vitanzi vyake. Mume wangu akarudi kwenye sinki.

Aliponisimulia jioni ile nilikuwa napinda pindo la gauni la mteja. Nilimwambia basi ameshasamehewa. Akasema hapana, hakupewa msamaha, wala hajui kama atapewa. Anadhani yule binti alitaka kujaribu masikio yake mwenyewe tu, na alimtaka yeye awepo yakirudi.

Mimi, kwa kumhurumia, nilikuwa nimeanza kununua chumvi iliyosagwa. Wiki ile aliikuta kabatini. Akaichukua akairudisha dukani, akaja na ya mawe, akaketi chini na kinu. Aliiponda mwenyewe, punje kwa punje, mpaka ikaisha.